Karani, Jogoo Asiyewika wa Mama Kyakimwa

Kyakimwa alikuwa na desturi moja iliyowachekesha majirani. Akiingia uani kwa mtu, humtazama kwanza jogoo kichwani, ndipo amsalimie mwenye nyumba. Akikuta kilemba cha jogoo kimepauka kama nyanya iliyochumwa mbichi, atauliza habari za minyoo kabla hajauliza habari za watoto. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyolelewa huko Lubero, kwenye baridi, na mama aliyefuga kuku wakubwa wa miguu ya njano, wengine wenye shingo tupu isiyo na nyoya hata moja. Mama huyo alikuwa akimwambia kila asubuhi, mwanangu, tazama kichwani, kuku hana mahali pengine pa kuandikia afya yake.

Alipoolewa akashuka upande wa Beni, kwenye joto, kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Mangina, alishuka na kitunga mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, na ndani ya kitunga mna jogoo mmoja na mitetea wawili wa mama yake. Mama alikufa mwaka uliofuata. Mume wake, Maliro, alikufa kwa homa katika mwaka wa pili wa vita, wakati hata dawa zilikuwa haziwezi kupita barabarani. Kuku wakabaki. Kuku hao ndio waliomfikisha binti yake Mariette shuleni Butembo, kwa mama mdogo wake Godelive, na kuku hao ndio waliomfanya mwanamke wa mbali ashuke kwenye lori na kuuliza, nyumba ya yule mama wa kuku wa Lubero ni ipi? Kwa hiyo mtu akisema Kyakimwa alipenda kuku kupita kiasi, amesema kweli, lakini hajamaliza. Alichopenda ni ule ukoo. Ulikuwa kitu pekee cha mama yake kilichokuwa bado kinatembea.

Mwaka ule wa 2002, uani kwake kulikuwa na majogoo wawili.

Wa kwanza aliitwa Patron. Mwekundu, mnene, kilemba kimesimama kichwani kama moto wa kuni kavu, na akiwika unamsikia hadi kijito cha ng'ambo. Wa pili aliitwa Karani, mwana wa ndugu wa Patron, shingo tupu, kilemba kidogo cha rangi ya maji ya chai. Karani hakuwika. Alikuwa na umri wa mwaka na zaidi, mzima, anakula vizuri, ila hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Watu walimtania Kyakimwa kwamba amefuga bubu.

Aliyekuwa hacheki ni Prof Xavier. Huyu alikuwa mwalimu wa biolojia, mtu wa Équateur, mkoa wa mbali magharibi mwa Kongo, aliyeletwa na serikali kufundisha sekondari mwaka mmoja kabla ya vita. Vita ikamfungia njia ya kurudi kwao na mshahara ukamsahau, akapanga chumba cha nyuma kwa Kyakimwa. Hakuwa na cha kufanya mchana baada ya masomo, basi alikaa kwenye kigoda kutazama kuku, daftari gotini, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Siku moja alimwita Kyakimwa aje aone. Patron alikuwa amepata kumbikumbi mmoja chini ya mti wa parachichi. Akamwokota, akamwangusha, akamwokota tena, huku akiinamisha na kuinua kichwa na kutoa ile sauti ya chinichini, ko-ko-ko-ko, mpaka mitetea wakaja mbio. Hilo Kyakimwa alilijua tangu utotoni. Jogoo anaita wake zake kwenye chakula, na anayeita sana ndiye anayefuatwa. Lakini Prof akamwonyesha upande wa pili, nyuma ya choo. Karani naye alikuwa amepata mdudu wake. Akainama, akainuka, akaangusha, akaokota, vilevile kabisa, hatua kwa hatua, ila kimya. Kinywa hakikutoa kitu. Mtetea mmoja tu, aliyekuwa karibu, akamwona, akaenda, akala. Na Karani akapata alichokuwa anataka kabla Patron hajageuka.

Kyakimwa alicheka mpaka akashika ukuta. Prof akamweleza, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Lingala, kwamba hiyo si haya wala ububu. Sauti ya jogoo inasikika na mitetea, lakini inasikika pia na mwewe, na inasikika na jogoo mkubwa. Anayepiga kelele analipa. Ndiyo maana mtetea anaiamini kelele: mnyonge hawezi kuimudu, kama vile mwenye minyoo hawezi kuwa na kilemba chekundu. Kizazi baada ya kizazi, mitetea wamekuwa wakichagua wenye kilemba na wenye sauti, na watoto wao wakarithi, mpaka majogoo wa dunia wakawa hivi tunavyowaona. Jicho la mtetea ndilo lililomchonga jogoo. Lakini aliye chini ya mkubwa, akipayuka, atapigwa, basi naye anabakiza ishara ya mwili na kuimeza ishara ya sauti.

Kyakimwa akamwambia mama yake alijua hayo yote bila daftari. Prof akakubali, akaandika hilo nalo.

Sasa ikaja Desemba. Kwa wiki mbili watu walikuwa wanapita barabarani kutoka magharibi, magodoro kichwani, hawasimami hata kunywa maji. Walisema wenye bunduki wanakuja nyuma yao. Walisema mambo ambayo Kyakimwa hakutaka Mariette ayasikie kamwe, akashukuru mtoto yuko Butembo. Alhamisi moja baada ya chakula, milio ikasikika karibu, na kijiji kikasimama kama mtu mmoja.

Kitunga kilikuwa kimoja. Hapo ndipo Kyakimwa alipoamua, na Prof akamuunga mkono, wakiwa wote wawili wanajua sababu bila kuisema. Walikuwa wanakwenda kujificha. Patron angewika. Karani hakuwahi kuwika. Akamtia Karani kitungani pamoja na mitetea wawili wazuri, akafunika kwa kitenge, akaweka kamba kwenye paji. Waliobaki akawafungulia mlango wa banda wajitafutie. Patron alipanda juu ya banda, akawatazama wakiondoka, akawika mara mbili.

Walijificha kwenye kichaka kizito ng'ambo ya kijito, mahali ambapo migomba ya zamani imeachwa ikamea pamoja na miti. Walikuwa watu kumi na mmoja. Kiongozi alikuwa Ananie, diakoni wa kanisa, mtu mrefu wa maneno machache, aliyeweka sheria kabla hawajakaa chini: hakuna moto, hakuna kukohoa nje ya nguo, watoto kwenye ziwa la mama, wanyonye wasilie. Prof aliambiwa asiseme kabisa, kwa kuwa akiogopa Lingala inamtoka, na hakuna aliyetaka kusikia kichakani lugha ya wenye bunduki. Kisha Ananie akaona kitenge kinatikisika.

“Mama Kyakimwa, ile ni jogoo?”

Akasema ndiyo. Hakukuwa na namna ya kusema hapana.

“Batu tuko kumi na moja hapa,” Ananie akasema, taratibu tu. “Ule mwenye bunduki, hapana uliza ni nani aliwika.”

Kyakimwa akajibu haraka kuliko alivyotaka. “Muzee, huyu hapana wika. Tangu azaliwe sijasikia sauti yake. Uliza Prof, anakaaka kwangu.”

Prof, aliyekatazwa kusema, akatikisa kichwa kukubali. Lakini Hulda, msichana aliyejifungua miezi mitatu nyuma, akamgeukia Kyakimwa, mtoto wake amebanwa kifuani.

“Mutoto wangu nimemufunga kinywa na ziwa tangu mchana. Weye unamupa kuku heshima kupita mutoto?”

Maneno hayo yalimwingia Kyakimwa kama mwiba. Angeweza kueleza habari za Lubero, na mama yake, na ukoo, lakini yangekuwa maneno ya mwendawazimu mbele ya mtoto wa miezi mitatu. Akamwambia Ananie kwamba anaweka ahadi. Kuku huyu akitoa sauti moja, mkono wake mwenyewe utammaliza. Ananie akasema sawa, ila Kyakimwa na kitunga chake wakae karibu naye. Basi hapo wakakaa, na tangu saa ile Kyakimwa hakuondoa mkono kwenye kitunga.

Alfajiri ya Ijumaa Patron akawika kutoka kijijini. Sauti ikaja juu ya kijito, safi kabisa, na watu wote kumi na mmoja wakainua vichwa. Ilikuwa ajabu namna walivyofurahi. Mtu mmoja akanong'ona, kwetu kungali salama, hawajaingia. Maana kila mtu alijua wenye bunduki wakiingia kijijini, kuku ndio wanaoanza. Patron akawa mlinzi wao bila kujijua. Aliwika tena saa mbili, na saa nne, na kila alipowika mabega ya watu yalishuka kidogo.

Karani, ndani ya kitunga, alisikiliza na kunyamaza.

Jumamosi ikawa vivyo hivyo. Patron aliwika, watu wakapumua. Mtetea mmoja akataga yai, na jingine lilikuwa limetagwa jana, Kyakimwa akayaviringisha yote kwenye kitambaa na kuyaweka juu ya tumbo lake. Mchana aliwatoa kuku kidogo, amewafunga kamba miguuni, wachakure chini ya migomba. Karani alipata mdudu, akafanya ule mchezo wake wa kuinama na kuinuka bila sauti, na mitetea wote wawili wakamjia. Hakukuwa na wa kumfukuza. Siku nzima alipata alichotaka.

Ilikuwa jioni ya siku hiyo, akimrudisha kitungani, Kyakimwa alipoona. Kilemba. Hakikuwa tena cha rangi ya maji ya chai. Kwenye ncha, na chini kwenye shina, na kwenye ile shingo tupu, damu ilikuwa inapanda.

Alijiambia ni mwanga wa jua linalozama. Akasubiri, akatazama tena, akamgeuza upande mwingine. Mwanamke aliyezoea kusoma kichwa cha kuku kabla ya uso wa mtu hawezi kujidanganya kwa muda mrefu. Akamwita Prof kwa jicho. Prof akaja akiwa amechuchumaa, akatazama. Akasahau kwamba amekatazwa kusema.

“Mama,” akanong'ona, “Patron bado anawika, njo maana huyu ananyamaza. Anamusikia. Lakini siku ile Patron atanyamaza, huyu ataona kiti iko wazi.”

Hapo ndipo Kyakimwa alipolielewa kosa lao lote. Walikuwa wamembeba Karani kana kwamba ukimya ni wake, kama rangi ya manyoya, kumbe ukimya ulikuwa wa Patron. Patron ndiye aliyekuwa ameufunga mdomo ule, mwaka mzima, kwa sauti tu. Na wao walikuwa wamekaa siku mbili wakisikiliza sauti ileile kama habari njema, bila kufikiri kwamba ikikatika, itakatika pamoja na kufuli.

Alipaswa kumwambia Ananie wakati uleule. Hakumwambia. Alijiambia Patron ni mjanja, amewakwepa mwewe miaka minne. Akachukua mfuniko wa sufuria ya Hulda, akauweka ndani ya kitunga, juu ya kichwa cha Karani, akaufunga kwa kamba, kwa sababu jogoo asiyeweza kunyoosha shingo hawezi kuwika vizuri. Hulda akauliza mfuniko wake unafanya nini mle. Kyakimwa akasema kuku anasikia baridi. Ulikuwa uongo, na alikesha nao, kiganja chake kimezunguka shingo tupu yenye joto, akihesabu mapigo.

Jumapili kulipambazuka, na Patron hakuwika.

Watu walingoja. Ananie akasema pengine ni upepo unakwenda upande mwingine. Majani ya migomba hayakuwa yanatikisika. Mtu mwingine akasema pengine jogoo amechelewa, kuna ukungu. Mwanga ukaongezeka, ukungu ukainuka kwenye kijito, ndege wa porini wakaanza kuitana kila mmoja na wake, na upande wa kijiji kukawa kimya kabisa.

Chini ya mfuniko, Karani akasogea. Kyakimwa alihisi shingo inajaa chini ya vidole vyake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuzama majini. Kichwa kikagonga mfuniko. Kikarudi. Kikagonga tena. Kisha, punje moja ya mahindi ikiwa imenasa chini ya kitunga, akaiokota na kuiangusha mbele ya mtetea, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye yai, sauti ikamtoka. Ko-ko. Ndogo, kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Hulda aliisikia. Wote waliisikia.

Kyakimwa akasimama, kitunga mkononi, akaenda mpaka mbele ya diakoni.

“Muzee, Patron hakuwika. Batu ba bunduki beko kwangu sasa hivi. Na huyu atawika, hata saa moja haitapita. Nilikuambia hapana wika. Nilikosea, na tangu jana nilijua.”

Ananie angeweza kumkemea mbele ya wote. Hakumkemea. Alitazama upande wa kijito, akatazama watoto, akahesabu kwa macho.

“Weye njo unajua kuku,” akasema. “Una hakika beko kwako?”

“Patron hapana acha kuwika akiwa muzima.”

“Basi tutoke.”

Wakaanza kufunga vitu. Njia ilikuwa ya kuzunguka kwa juu, kupitia mashamba ya kahawa, kwenda Beni mjini, na njia hiyo kwa sehemu ndefu ilionekana kutoka kijijini. Kyakimwa alijua kwamba mwendo ungemtikisa Karani, na mfuniko ungelegea, na mbele yao kungekuwa na anga wazi. Akapiga magoti nyuma ya mgomba. Akamtoa. Karani hakupigana. Kilemba chake kilikuwa chekundu kweli, chekundu kama cha Patron, kizuri kuliko alivyowahi kukiona, na jicho lake la njano lilikuwa linamtazama kwa upande. Akaona kwamba mtetea yeyote angemchagua. Akafunika jicho lile kwa kidole gumba, akaivunja shingo mara moja, kama mama yake alivyomfundisha, bila sauti.

Alipoinuka, Hulda alikuwa anamtazama. Alimpa mtoto mwanamke mwingine ambebe kidogo, akachukua kile kitunga chenye mitetea wawili, akakivaa yeye kwenye paji la uso.

Walifika Beni kabla ya jua kuwa kali. Mwezi wa pili Ananie alirudi kijijini akaona manyoya mekundu yametapakaa mbele ya jiko la Kyakimwa, na kule kichakani, mahali walipokaa, migomba imekatwakatwa na alama za mabuti zimekauka kwenye udongo. Walikuwa wamefika pale. Siku ipi, saa ngapi, hakuna aliyeweza kusema, na Kyakimwa hakutaka kukisia.

Prof alibaki Beni kufundisha. Kyakimwa alipanda lori hadi Butembo, kwa Godelive na Mariette, mtaa wa Bulengera, pamoja na Hulda ambaye hakuwa na pa kwenda. Mitetea wakawekwa jikoni. Mmoja akaendelea kutaga, na Kyakimwa akayapanga mayai yote, ya kichakani na ya Bulengera, chini ya yule wa pili alipoanza kulalia, bila matumaini makubwa. Mayai ya njiani yalitikisika mno, yakaoza. Lakini Prof alikuwa amemwambia kwamba mtetea anaweza kutunza mbegu ya jogoo ndani yake wiki mbili, hata tatu, baada ya jogoo kuondoka. Vikatoka vifaranga vinne. Viwili vikafa kwa baridi. Kati ya viwili vilivyobaki, kimoja kilikuwa na shingo tupu, na Patron hakuwa na shingo tupu, wala mitetea wale hawakuwa nayo. Kyakimwa alikishika kile kifaranga kiganjani na kukirudisha chini. Godelive alimwuliza kama ni dume. Akasema tutaona.

Alikuwa dume. Kilemba kikaanza kumea mwezi wa tatu, na tangu hapo Kyakimwa akakosa raha. Kila asubuhi alitoka nje kabla ya wengine, akamtazama kichwani jinsi kilemba kinavyozidi wekundu. Godelive alidhani ni ugonjwa wa kuku anaohofia. Kyakimwa aliukuta mkono wake mwenyewe, zaidi ya mara moja, umeshika mfuniko wa sufuria bila sababu.

Aliwika Jumanne moja, juu ya ukuta wa matofali, watu wakienda sokoni. Ilikuwa sauti mbaya, imepasuka katikati kama ya mvulana anayebaleghe. Kyakimwa aliganda na ungo wa maharagwe. Mlangoni Hulda akatokea mbio, mtoto wake mikononi, kiganja chake kimeziba kinywa cha mtoto, na mtoto, ambaye sasa alikuwa mzito na mwenye nguvu, akiupiga mkono ule kwa hasira.

Wakatazamana, wale wanawake wawili. Jogoo akanyoosha shingo yake tupu, akajaribu tena, akaipata vizuri zaidi. Ng'ambo, kutoka uani mwa jirani, mwingine akamjibu.

“Toa mukono, Hulda,” Kyakimwa akasema. “Tuko Bulengera.”

Hulda akautoa, kidole kimoja kimoja. Mtoto akalia kwa sauti yake yote.